Deni Halifutwi kwa Kura

Juni 2022 bunge la Urusi lilipitisha sheria kwamba hukumu za Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya zilizoanza kutumika baada ya Machi 15 mwaka huo hazitatekelezwa. Fidia za zamani zingelipwa kwa ruble tu, kwenye akaunti ya benki ya Urusi, tena kabla ya Januari 1, 2023. Hilo sharti la akaunti ndilo la kutazamwa. Mlalamikaji aliyeikimbia nchi hiyo anaambiwa fedha zake zipo, ila azifuate kulekule alikokimbia. Huko ni kumnyima mtu haki yake kwa lugha ya adabu.

Wako watakaosema kodi ni ya wananchi, na wawakilishi wao ndio wenye kauli ya mwisho juu ya kila senti. Ni kweli bunge ndilo lenye ufunguo wa hazina. Lipange fungu, ligawe malipo kwa awamu, liwabane mawaziri waliosababisha hasara. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini kuamua deni litalipwaje si sawa na kuamua kama lipo. Urusi iliridhia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu mwaka 1998 kwa hiari yake, na bunge hilohilo ndilo lililoidhinisha. Mwaka 2006 iliwakamata na kuwafukuza raia wa Georgia kwa wingi. Polisi wa Moscow walidiriki kuomba shuleni orodha za wanafunzi wenye asili ya Georgia. Januari 2019 Mahakama iliamuru euro milioni 10 kwa waathirika wasiopungua 1,500. Sheria ya 2022 ilikuja baada ya yote hayo, na Mkataba wenyewe unasema kujitoa hakufuti wajibu wa matendo ya nyuma.

Wengine watadai ni ndoto kutarajia serikali ilipe hukumu inayoichukia. Uganda ililipa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoiamuru Februari 2022 iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, Kampala ilisema wazi kuwa imeonewa. Hata hivyo, Septemba mwaka huo ilitoa awamu ya kwanza, dola milioni 65. Urusi ilipoacha kuwa mwanachama wa Mkataba, Septemba 16, 2022, ilikuwa bado haijalipa zile euro milioni 10.