Je, Kurekebisha Picha ya Uso ni Uongo?

Hapa Lubumbashi, mwenye kupita njia ya Kasapa kwenda Chuo Kikuu huona nyuso nyingi kabla hajaonana na watu wenyewe. Nyuso hizo zimebandikwa ukutani, au zimo ndani ya simu: mwalimu atakayetoa hotuba, wanafunzi waliopata shahada, mgombea wa uongozi wa wanafunzi, marehemu ambaye misa yake itasomwa kesho. Nyuma ya kila tangazo yuko kijana mmoja, au wawili watatu, waliopewa na wenzao kazi ya kutengeneza picha na michoro. Huletewa picha jinsi ilivyopigwa. Nao huikata, huitia mwanga, huondoa chunusi, hubadili ukuta wa nyuma, kisha huandika majina kwa herufi nzuri. Kazi hiyo yaonekana ndogo. Lakini ndani yake mna swali ambalo walimu wa Kanisa wamelishughulikia tangu zamani: je, mkono unaobadili uso wa mtu wasema uongo?

Twalileta swali hili mbele ya wasomaji wetu kwa sababu vijana wenyewe hulitaabikia, na majibu wanayopewa hayawatoshi. Wengine huwaambia, "Ni mapambo tu, hakuna dhambi." Wengine huwaambia, "Picha ikiguswa hata kidogo imekwisha kuwa uongo." Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili ni ya haraka mno.

Tuanze na hili la pili. Picha isiyochaguliwa na mtu haipo. Mpiga picha achaguapo mahali pa kusimama, saa ya jua, na dakika ya kubonyeza, amekwisha kuamua tutaona nini na tusione nini. Katika karne ya 19 wapiga picha walikuwa wakikwaruza vioo vya picha kwa kisu chembamba na kuvipaka penseli ili kuondoa makunyanzi. Programu iitwayo Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, haikuleta tamaa mpya. Iliirahisisha tu tamaa ya zamani. Leo ziko simu zinazolainisha uso zenyewe, kabla mwenye simu hajaomba. Basi kama kila kugusa ni uongo, kila picha ni ya uongo, na neno lenyewe limekosa maana.

Jibu la kwanza nalo halisimami. Mtakatifu Agostino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo karibu na mwaka 395, alifundisha ya kuwa mwongo ni yule aliye na jambo moja moyoni na kulitoa jingine nje, akitaka kumdanganya mwenzake. Basi na tuulize: picha yatoa neno gani nje? Tumtazame mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyeishi Lubumbashi na kuchora historia ya nchi yetu katika miaka ya 1970. Alipochora kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, alimchora damu ikimtoka ubavuni, na misalaba mitatu imesimama nyuma. Hakuna aliyemwita mwongo. Kwa nini? Kwa sababu mchoro husema, "Hivi ndivyo ninavyoelewa mambo haya." Lakini picha iliyopigwa kwa kamera husema neno jingine: "Huyu alikuwa hivi, mbele yangu, siku ile." Mtazamaji hulisadiki neno hilo bila kuulizwa. Mwenye kuibadili picha hiyo amelishika mkononi neno la shahidi. Hawezi kusema anacheza.

Sasa twaweza kuendelea. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipozungumza juu ya wanawake wanaojipaka rangi usoni, alitenga mambo mawili: kujifanyia uzuri usiokuwako, na kuficha lema lililoletwa na ugonjwa au sababu nyingine kama hiyo. Hilo la pili alisema ni halali. Fundisho hilo ni la karne ya 13, lakini lamfaa sana kijana wa leo aliyeketi mbele ya kompyuta. Chunusi iliyotoka juzi, jasho, vumbi la kiangazi, kivuli cha dirisha kilichokata shavu: hayo ni ya siku ile, si ya mtu. Kuyaondoa ni kama kumwambia rafiki, "Panguso, una unga usoni," kabla hajaingia ukumbini. Lakini mvi za mwalimu, mwanya wa meno, makunyanzi ya mama aliyelea watoto, hizo ni habari za maisha yao. Kinachopita na kipite. Kinachokaa na kikae.

Na lema la kudumu, kama kovu la moto? Hapo twasema ya kuwa mwenye uso ndiye mwenye neno. Akiomba lisionekane, tusimhukumu. Labda amechoka kuulizwa na kila mtu. Akinyamaza, tusilifute kwa kudhani twamfanyia wema. Pengine kovu lile amekwisha kulipatanisha na moyo wake, nasi twamwambia kwa mkono wetu ya kuwa ni aibu.

Liko jambo moja ambalo hatuwezi kulipita, nalo ni rangi ya ngozi. Kwa miaka mingi viwanda vya filamu za rangi vilipima kazi yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, filamu ilihesabiwa kuwa njema. Ngozi nyeusi ilitoka mara nyingi kama kivuli, macho na meno tu yakionekana. Kwa hiyo, kijana anapoutia mwanga uso mweusi ambao kamera imeuzamisha gizani, haongezi uongo. Aurudishia mtu haki yake, maana jicho la mwanadamu lilimwona vizuri kuliko chombo. Lakini akiendelea kuvuta alama ileile mpaka binti wa Katuba au wa Kamalondo awe na rangi ambayo mama yake hamjui nayo, amefanya tendo jingine kabisa. Mkono ni mmoja, chombo ni kimoja, matendo ni mawili. La kwanza lasema, "Uonekane ulivyo." La pili lasema, "Ulivyo hakutoshi."

Wala tusiseme ni jambo dogo. Twajua wote madhara ya dawa za kuchubua ngozi, na jinsi zinavyouzwa sokoni. Binti anayenunua dawa hiyo alikwisha kufundishwa na mabango mengi ya kuwa uso wa heshima ni uso uliofifishwa. Chuo kikiwatangaza wasichana wake waliofuzu kwa nyuso zilizofanywa nyeupe, kimekuwa mwalimu wa somo hilo, hata kama hakulitia katika mafundisho yake.

Pengine msomaji atasema, "Lakini vijana hawa hawana nia mbaya, wanawapenda watu wao." Twakubali. Ila mapendo nayo yaweza kuharibu picha. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni, alikuwa na dada aliyeitwa Selina. Selina aliingia monasteri ya Lisieux mwaka 1894 pamoja na kamera yake, akampiga Tereza picha nyingi. Siku zile ilibidi mtu akae bila kujitikisa kwa muda, na uso ulikakamaa. Selina aliona picha hazimtoi ndugu yake jinsi alivyomjua. Akazirekebisha, akachora na nyingine, laini, tamu, zenye macho ya malaika. Picha hizo ndizo zilizosambaa ulimwenguni baada ya Tereza kufa mwaka 1897. Picha zenyewe, bila kuguswa, zilichapishwa mwaka 1961. Watu wakaona uso wa msichana mwenye nguvu, mwenye kidevu kipana, na katika picha za mwisho amechoka kwa ugonjwa. Je, heshima yake ilipungua? La. Wengi walisema sasa wamempata mtu anayeweza kuwasaidia, kwa kuwa na wao wamechoka. Selina hakutaka kumdanganya mtu, wala sisi hatumlaumu. Lakini tujifunze kwake: apendaye sana huweza kuweka mapendo yake mahali pa uso wa mpendwa.

Mpaka hapa tumesema juu ya kulainisha. Yako makosa makubwa zaidi, nayo ni kuondoa na kuongeza. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri ya Stalin huko Urusi, aliuawa mwaka 1940. Baadaye, katika picha iliyomwonyesha akitembea kando ya Stalin karibu na mfereji, alifutwa, yakabaki maji matupu. Katika vyuo hakuna mtu anayeuawa kwa ajili ya picha. Lakini mwanafunzi aliyekosana na wenzake akikatwa katika picha ya mwaka, tendo ni la jamii ileile: kusema, "Hakuwapo," naye alikuwapo.

Kuongeza nako kuna hatari yake. Siku hizi ziko programu zinazoweza kuumba uso wa mtu asiyezaliwa kamwe, na chumba cha maabara kisichojengwa popote. Chuo kikitoa tangazo lenye vyombo vipya visivyokuwapo na wanafunzi wanaotabasamu ambao hakuna aliyewahi kukaa nao darasani, nani atadanganyika? Si mkubwa mjini, awezaye kwenda kujionea. Ni baba wa Likasi au Kasenga, anayeuza mahindi yake ili kulipa ada ya mtoto, akiamini alichokiona. Hapo uongo umekuwa na wizi ndani yake.

Je, basi kuunganisha picha mbili ni kosa daima? Mtu wa mji huu ametuonyesha sivyo. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi, akawakata, akawasimamisha ndani ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyochakaa. Kazi hiyo, aliyoiita "Mémoire", ilimalizika mwaka 2006. Wale wa zamani wamebaki weusi na weupe, na mahali pa leo pana rangi. Mshono waonekana. Hakuna anayedhani ya kuwa watu wale walisimama pale majuzi. Kila mtu aelewa ya kuwa mafundi wale walijenga utajiri huu, na ya kuwa twawasahau. Amebadili picha sana kuliko mwenye kuondoa chunusi, naye hakudanganya. Twaona, basi, ya kuwa wingi wa kubadili sio kipimo. Kipimo ni hiki: je, mwenye haki ya kujua ameachiwa njia ya kujua?

Ndiyo maana hatuna neno la kumkataza mjane anayekuja na picha ndogo ya kadi ya uchaguzi, akaomba mumewe avikwe koti na tai kwa ajili ya matanga. Wote watakaokuja kulia wanamjua marehemu. Wanajua ya kuwa koti ni heshima, kama vile maiti inavyovikwa nguo njema kabla ya kuzikwa. Kijana na amvike. Ila uso na auache, maana uso ndio watakaouaga.

Sasa twageukia vijana wenyewe, maana mzigo ni wao. Kwanza, itunzeni picha ya asili. Msiifute, ili ukweli uwe na mahali pa kurudia. Pili, mwulizeni mwenye uso kabla ya kumbadili, na mwonyesheni kazi kabla ya kuitangaza. Tatu, mkiumba au kuunganisha, acheni mshono uonekane, au andikeni chini yake kwa herufi zinazosomeka. Nne, na hili ndilo gumu, jueni kukataa. Siku moja mkubwa atasema, "Waongeze watu ukumbini," au, "Mfanye huyu awe mweupe kidogo." Kijana asiye na ada, anayetumaini kazi baada ya masomo, ataona ni afadhali kutii. Twajua uzito wake. Lakini ajue ya kuwa mkubwa ataondoka, nao ujuzi wa kudanganya utabaki mkononi mwake yeye. Na aseme kwa adabu, "Baba, nitaufanya ukumbi uonekane vizuri, lakini watu sitaweza kuwaongeza." Mara nyingi mkubwa mwenyewe hakuwa amefikiri, akielezwa, husikia. Asiposikia, ni afadhali tangazo litengenezwe na mwingine.

Kwa hiyo twajibu: kurekebisha picha ya uso si uongo kwa yenyewe, wala si mchezo. Ni kumsemea mtu mbele ya watu wasiomjua, na asemaye kwa niaba ya mwingine apaswa kuwa mwaminifu kuliko ajisemeaye.

Mapokeo ya Kanisa yatuambia, nasi hukumbuka katika kituo cha sita cha Njia ya Msalaba, ya kuwa Veronika alimfuta Bwana uso, na sura yake ikabaki katika kitambaa. Ilikuwa sura ya mtu aliyepigwa, yenye damu na vumbi. Veronika alikuja kumpunguzia maumivu, wala hakuona haya kuipokea sura ile jinsi ilivyokuwa. Vijana wetu na waushike hivyo kila uso wanaoletewa: waufute kwa mkono wa huruma, kisha wautoe mbele ya watu ukiwa bado ni uso wa mwenyewe.