Je, Ni Afadhali Kusahau?

Ndugu msomaji, kama ungeambiwa leo kwamba iko dawa ya kukuondolea kumbukumbu zote za uchungu, msiba wa mzazi, njaa ya utotoni, usaliti wa rafiki, je, ungeinywa? Usijibu haraka. Wengi wetu tukikaa na mfiwa humwambia, "Jikaze, sahau." Twasema hivyo kwa upendo. Lakini jambo hili ni gumu kuliko tudhanivyo, na kipo kitabu kimoja cha hadithi kiwezacho kutusaidia kulifikiri.

Kitabu hicho huitwa The Giver, yaani Mpaji. Mwandishi wake ni mama wa Kimarekani, Lois Lowry. Kilitolewa mwaka 1993, na mwaka 1994 kikapewa nishani ya Newbery, ambayo wakutubi wa Marekani huitoa kila mwaka kwa ajili ya vitabu vya watoto. Tangu hapo vijana wengi wamekisoma shuleni, ingawa wazazi wengine walitaka kiondolewe kwa kuwa kina mambo mazito. Ni kweli, ni mazito.

Hadithi yahusu mji usio na vita, njaa wala ugomvi. Kila mume na mke wameunganishwa na Wazee wa mji, kisha hupewa mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, waliozaliwa na wanawake waliowekwa kwa kazi hiyo. Mtoto atimizapo miaka 12 huambiwa kazi atakayoifanya maishani. Kijana aanzapo kuona tamaa ya mwili hupewa kidonge cha kila asubuhi. Hata rangi hawazioni. Wote wawe sawasawa. Kumbukumbu za zamani ameachiwa mzee mmoja tu, azibebe kwa niaba ya wote. Kijana Jonas anachaguliwa kumrithi.

Mzee anampa kumbukumbu hizo moja moja: jua, theluji, rangi nyekundu, halafu mfupa uliovunjika, njaa, uwanja wa vita. Siku moja anampa kumbukumbu ya jamaa waliokusanyika sikukuu, babu na bibi wakiwa kati yao. Jonas anarudi nyumbani na kuwauliza wazazi wake kama wanampenda. Wanacheka. Wanamwambia kwamba neno hilo limechakaa, halina maana tena.

Wazazi hawa si watu wabaya. Baba yake ni mlezi wa watoto wachanga, mpole sana. Amemleta nyumbani mtoto dhaifu, Gabriel, ili apate nguvu. Lakini mji hautaki watu wawili wafananao. Kwa hiyo wakizaliwa pacha, baba huyu huwapima uzito, na yule mwepesi zaidi humchoma sindano. Jonas anaona kwa macho yake jinsi mtoto anavyokufa, na jinsi baba anavyomtupa kama taka, huku akimuaga kwa sauti ya upole. Katika mji huo jambo hili huitwa "kuachiliwa."

Hapa ndipo nilipofunga kitabu kwa muda. Baba huyu hana chuki hata kidogo. Amekosa kitu kimoja tu: hajapata kumlilia mtu. Aliyeondolewa uchungu wake mwenyewe, atautambuaje uchungu wa mwenzake? Hata Wazee walipotaka kuongeza idadi ya watoto walilazimika kumwendea mbeba kumbukumbu, naye akawakataza, kwa kuwa yeye peke yake alikumbuka njaa.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mama Lowry ameeleza kwamba baba yake, alipokuwa mzee, alipotewa na kumbukumbu, hata akasahau kwamba binti yake wa kwanza alikwisha kufa kwa saratani, angali kijana. Je, haikuwa nafuu kwake? Naam, ilikuwa nafuu, wala hakuna awezaye kumlaumu. Lakini angalieni: msiba ule haukwisha. Binti aliyebaki ndiye aliyeubeba kwa ajili ya wote wawili, na kila baba alipouliza ilimpasa kuusimulia upya. Uchungu uliosahauliwa na mmoja ulihamia bega la mwingine.

Basi swali la kwanza hubadilika. Tusiulize tu, "Je, ni afadhali kusahau?" bali, "Tukisahau sisi, nani anabaki na mzigo?" Huenda ni mama ambaye hathubutu kumtaja mtoto wake aliyefariki, kwa kuwa sisi tumechoka kusikia. Tunasema ametulia, kumbe ameachwa peke yake. Kilichomlemea zaidi mzee wa hadithi kilikuwa upweke huo.

Bwana wetu alijua kwamba Lazaro atafufuka, lakini alilia pamoja na waliokuwa wakimlilia. Na mezani pake twakumbuka kifo, si kila mtu nyumbani kwake, bali sote pamoja.

Mwishoni Jonas anatoroka na Gabriel ili kumwokoa, kwa maana mtoto naye alikuwa "aachiliwe." Wanajua kwamba Jonas akienda mbali kumbukumbu zitawarudia watu wote wa mji. Mzee angeweza kukimbia naye, lakini anakataa. Anabaki, kwa sababu watu watakapoumia kwa mara ya kwanza watahitaji mtu wa kukaa nao.

Ndugu zangu, tutakapokwenda tena kwa mfiwa, tuache kusema, "Sahau." Tumwambie, "Tusimulie habari zake." Kisha tukae kitako tusikilize.