Mgeni Njoo, Usome Jina

Mwanamke wa pwani halipi fedha ya kanga kabla hajasoma jina lake. Ataipenda rangi, ataipapasa pamba, atautazama mji na pindo, kisha ataikunjua hadi pale chini penye herufi kubwa, na hapo ndipo atakapokata shauri. Maandishi yale tunayaita jina. Kanga yenye jina la kusuta huwezi kumpelekea mama mkwe hata ikiwa na rangi za peponi.

Bibi yangu kule Tanga alikuwa akinunua kanga ya zawadi, anamwita mjukuu anayejua kusoma, anamwambia asome kwa sauti. Halafu anamwita mtoto wa jirani asome naye. Nilidhani ni macho yake yamechoka. Nilichelewa sana kutambua kwamba alikuwa anasikiliza: anataka kujua jina lile likitoka kinywani mwa mtu asiyejua zawadi inakwenda kwa nani, litasikikaje.

Nayaandika haya kwa sababu mimi nachapa. Kiduka changu kiko Yeoville, Johannesburg, hatua chache kutoka Mtaa wa Rockey. Natoa nakala, napiga picha za pasipoti, natengeneza mabango, kadi na stika za magari, na siku hizi nawaandikishia watu majina ya tovuti. Jina ni riziki yangu, na katika riziki hiyo nimewahi kumwaibisha mama wa watu.

Ni mama wa Lubumbashi, anachoma nyama ya mbuzi, ile ambayo kwao huiita michopo, na mteja huila kwa bukari, yaani ugali. Akizungumza na wateja wake husema tu fasi ya nyama, kwa kuwa fasi kwa Kiswahili cha kwao ni mahali. Lakini kwenye bango alitaka Kiswahili bora, Kiswahili cha shuleni na cha kanisani, kwa kuwaheshimu Watanzania na Wakenya wanaokula kwake. Akaniandikia kwa mkono wake kwenye kipande cha karatasi: Mahali pa Nyama. Hapo kwenye karatasi jina lilikuwa safi kabisa.

Kijana wake akataka na tovuti, ili watu waagize nyama kwa simu. Sasa jina la tovuti lina sheria zake. Mfumo huu wa majina, uliobuniwa na Paul Mockapetris huko Marekani mwaka 1983, ulikubali herufi, tarakimu na kistari, basi. Herufi kubwa na ndogo kwake ni kitu kimoja, kipande kimoja cha jina kisizidi alama 63, na nafasi kati ya neno na neno haipo kabisa. Mashine haipumui. Nikayaunganisha maneno ya mama: mahalipanyama. Nikalipia mwaka mzima, nikachapa kadi 500, nikabandika herufi hizo nyekundu ubavuni mwa gari lake la kubebea mizigo.

Lisome tena, kwa haraka ya mtu anayepita barabarani. Jicho la Mswahili likifika katikati halioni nyama. Linadaka panya, na ile ma iliyobaki inaning'inia mwishoni bila kazi.

Nililisoma mara tatu kabla ya kuchapa, na sikumwona panya hata mara moja. Nilikwishajua linasema nini, na anayejua hasomi, anajikumbusha tu. Nyani haoni kundule, walisema wazee, na sidhani kama walimtukana nyani. Walieleza tu macho yake yamewekwa upande gani.

Wengine walimwona siku ya kwanza. Mtu akapiga picha ya gari, picha ikazunguka kwa wiki mbili kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa kwetu, kicheko juu ya kicheko. Mama hakuwamo katika makundi hayo, wala mimi. Wateja wa Kitanzania wakapungua, naye akadhani ni kwa kuwa amepandisha bei. Akaishusha. Jambo hili ndilo linaloniuma hadi leo: alipunguza bei ya nyama nzuri kwa kosa la herufi nilizozibandika mimi, na watu waliojua sababu walikuwa wengi, hakuna aliyemvuta pembeni akamwambia.

Aliyesema ni mzee mmoja wa Lamu. Alikuja kutoa nakala mbili, akalipa, akakaa. Dukani mlikuwa na watu wanne. Mmoja akatoka, wawili wakatoka, wa mwisho akachukua picha zake za pasipoti akaaga. Ndipo mzee akatoa kadi ya mama mfukoni, akaiweka mezani mbele yangu, na herufi mbili za mwisho akazifunika kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa."

Nikasoma: mahali panya. Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyonionyesha. Mzee hakucheka. Alirudisha kadi mfukoni, akaanza kunisimulia habari za barua za babu yake, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika maandishi yale ya zamani pa na ba mara nyingi ni herufi moja, e na i ni alama moja, o na u vivyo hivyo, na msomaji ndiye aliyejaza kilichopungua. Ndiyo maana, alisema, barua ilisomwa kwa sauti, na aliyeandika jambo zito alimpa mtu mwingine alisome kabla halijapanda jahazi. Watu wale walijua kwamba maandishi hayaendi na mwandishi wake. Yanafika peke yake, yanakutana na mtu mgeni, na mgeni ndiye anayeamua yamesema nini.

Alinipa na zawadi nyingine siku ile. Yeoville ilianzishwa mwaka 1890 na mtu aliyeitwa Thomas Yeo Sherwell, na jina la mtaa ni lake yeye. Mzee hakuwa na habari ya Sherwell. Kwa lugha ya Lamu yeo ni leo, na Wakongo walimfundisha kwamba ville kwa Kifaransa ni mji. Kwa hiyo miaka yote anakaa, kwa ufahamu wake, katika Mji wa Leo. Mwenye jina aliacha jina lake tu, na mgeni kutoka kisiwani akapata jina zuri zaidi ndani ya herufi zilezile. Hilo nalo hutokea.

Tangu hapo sipendi tena zile orodha za majina ya tovuti ya kuchekesha zinazopita kwenye simu zetu. Nyingi ni za Kiingereza na ni za kweli. Mafundi wa kompyuta walioanzisha Experts Exchange, mahali pa wataalamu kubadilishana maarifa, waliunganisha maneno yao, watu wakasoma mtaalamu wa kubadilisha jinsia. Wakalazimika kuweka kistari. Neno therapist, yaani mtu wa kutibu majeraha ya moyo, ukilikata baada ya herufi tatu linakuwa mbakaji. Fikiria aliyeumizwa, ametafuta wiki nzima ujasiri wa kuomba msaada, kisha anwani ya msaada inamwandikia neno lile mbele ya macho. Watu wanaicheka anwani hiyo. Mimi siwezi.

Aprili 2013 alipofariki Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, watu walieneza mtandaoni alama ya maneno yaliyobanana, nowthatchersdead, wakimaanisha kwamba Thatcher sasa amekufa. Kwa kuwa hakuna nafasi, wengine wakasoma kwamba aliyekufa ni mwimbaji Cher, wakaanza kumlilia mtu aliye hai. Na kosa halitaki herufi zibanane tu. Gari la Pajero, ambalo Afrika Mashariki tulilijua kama gari la wakubwa, katika nchi nyingi za Kihispania liliuzwa kwa jina la Montero, kwa sababu pajero katika lugha ya huko ni tusi la kitandani ambalo sitalitafsiri hapa. Kampuni kubwa ya Japani, yenye mafundi na mawakili, na bado ililazimika kuliacha jina lake huko. Mama wa Lubumbashi mwenye jiko moja na mchapaji mmoja angeliepukaje?

Angeliepuka kwa njia ya bibi yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeizoea katika habari za chakula, kwamba akija mgeni hata wenyeji hula vizuri. Mimi naisoma pia kwa upande wa macho: mgeni anaona lile ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalioni. Na mgeni Yeoville hatafutwi. Ukitoka mlangoni kwangu unakutana na Mkongo, Mnaijeria, Mzimbabwe, Mkameruni, Mwethiopia, Mzulu, kabla hujafika sokoni. Kwenye ukuta wa Shoprite, Mtaa wa Raleigh, watu wa mataifa yote hayo wamekuwa wakibandika karatasi za mkono za kupangisha vyumba, kila mmoja akiandika kwa Kiingereza au Kifaransa cha kwao na kila mmoja akieleweka. Mwaka 2010 msanii Terry Kurgan aliweka katika maktaba ya mtaa huu kazi iliyoitwa Hotel Yeoville, pamoja na tovuti yake, ambamo wahamiaji walisimulia maisha yao. Haikuwa na kitanda hata kimoja. Na kwa mtu wa Nairobi au Dar es Salaam, ambaye hoteli kwake ni pa kunywa chai na chapati, ingekuwa hoteli ya namna ya tatu.

Kwa hiyo sasa hakuna jina linalotoka dukani kwangu bila kupita mtaani. Naliandika kwa herufi ndogo, limebanana, kwenye karatasi tupu isiyo na picha, namsimamisha mtu, namwomba asome. Simwambii ni la biashara gani, maana nikimwambia nimempa macho yangu. Hivi karibuni kijana wa Dodoma alitaka saluni yake iitwe kwa jina linaloanza na Kaka, kwa upendo wa ndugu yake mkubwa aliyemlipia nauli ya kuja huku. Nikatoka na karatasi. Mkongo wa Kinshasa akaniambia kaka kwa Kilingala ni "tu", kama kusema "hicho tu". Mwenzake akacheka kwa Kifaransa, kwa sababu kwao hilo ni neno la mtoto anayetaka kwenda chooni. Mama anayesema Kiafrikana kwenye kituo cha teksi akainua nyusi tu, nami nilikwishajua kak kwa lugha yake ni nini. Neno la heshima kabisa kwetu, na mitaa miwili tu mbele ni kinyesi.

Nilimweleza kijana yule tukiwa wawili. Nilisubiri duka liwe tupu.

Hilo la kusubiri ndilo nililolichukua kwa mzee wa Lamu, na nadhani ni kubwa kuliko hila zote za kistari. Kuliona kosa la mwenzako ni rahisi, jicho linafanya kazi hiyo bila kuombwa. Wazee wetu walikuwa na neno la kile kinachofuata: kusitiri. Ukimwona mtu nguo imempanda humwiti kwa sauti. Unamsogelea, unasimama kati yake na watu, unamwambia. Yule aliyepiga picha ya gari aliona sawasawa na alichokiona mzee, herufi kwa herufi. Mmoja alikipeleka kwa watu mia, mwingine alikileta kwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeweza kukirekebisha.

Mama nilimfuata jioni, makaa yakiwa yanazimika. Nikampa kadi. Akapitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine, akarudia.

"Mutoto yangu, panya iko fasi gani?"

Nikafunika herufi mbili kwa kidole gumba, kama nilivyofunikiwa. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza jambo moja tu, kama ndiyo sababu watu wa Tanzania hawaji tena. Nikasema ndiyo. Nikamwambia gharama zote ni juu yangu, jina jipya, kadi na gari, na kwamba tunaweza kuweka vistari. Akakataa vistari. Nani atakayekumbuka vistari akiwa na njaa? Akasema atalitumia neno lake la nyumbani, lile alilolificha ili kutuheshimu sisi.

Nikaandika fasiyanyama, nikatembea nalo Mtaa wa Rockey asubuhi nzima. Halikuzaa mnyama wala tusi.

Siku ya kuzindua bango nilimleta mzee wa Lamu, nikamwomba alisome mbele ya wateja. Akalisoma polepole, akiacha pumzi kati ya neno na neno kama msomaji wa barua. Nyama aliielewa. Akamgeukia mama, akamuuliza fasi ni nini.

Mama akalipiga benchi kwa kiganja, pale palipokuwa wazi karibu na jiko.

"Ni hapa, baba. Ikala."