Cheo kimeondoka, hesabu imebaki

Ndugu msomaji, nilifanya kazi miaka 16 katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, sita ya mwisho nikiwa meneja wa fedha. Siku niliyopewa barua ya kupunguzwa kazini nilirudi nyumbani, nikala, nikamwambia mke wangu kuwa kazini kwema. Gari la ofisi nikasema liko gereji. Kesho yake nilifunga tai, nikaaga, nikaenda kukaa msikitini Kariakoo hadi Alasiri. Nikafanya hivyo siku tisa.

Nilijiambia kuwa nawaonea huruma watoto. Haikuwa kweli. Anayewahurumia watoto hupunguza matumizi mapema. Mimi nilikuwa nalilinda jina la "meneja".

Siku ya kumi nilimweleza mke wangu. Akanijibu: "Baba Salma, nimejua tangu siku ya tatu. Dereva alileta viatu vyako ulivyosahau kwenye gari. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe." Aibu niliyoikimbia ikanikuta nyumbani, na uongo juu yake.

Lakini kuna aibu kubwa zaidi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mimi ndiye niliyesaini hesabu za wafanyakazi 23 waliopunguzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na wahusika. Sisi tuliwaita ukumbini saa nane mchana, tukawagawia bahasha. Sheria hiyo inaweka kima cha chini cha kiinua mgongo kuwa mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka, na haihesabu zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo mzee aliyetumikia miaka 20 nilimwandikia siku 70. Nilijua kuwa kampuni ina uwezo wa kuongeza. Sikufungua mdomo. Nami zamu yangu ilipofika, niliandikiwa siku 70.

Hapa ndipo ninapouliza: kwa nini niliona aya kuvuliwa cheo, na sikuona aya kwa namna nilivyokitumia?

Sayyidna Umar (r.a.) alimwondoa Khalid bin Walid (r.a.) katika uongozi wa majeshi ya Sham, akamweka Abu Ubayda (r.a.). Khalid hakwenda kujificha. Aliendelea kupigana chini ya Abu Ubayda, kwa sababu hakuwa akipigana kwa ajili ya cheo. Mwenye kujua kuwa cheo ni amana hukirudisha bila kujiona ameibiwa. Linalopasa kumnyima usingizi ni hesabu ya siku alizokishika.

Leo natunza vitabu vya hesabu vya maduka mawili Kariakoo. Kipato ni kidogo, ni halali, na nyumbani kinajulikana hadi shilingi ya mwisho. Wale 23 nimeanza kuwatafuta, kwani haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Nimewapata tisa. Wengi wamenisamehe. Yule mzee wa siku 70 hakuitika salamu yangu. Sina la kumlaumu, nitarudi tena.

Ndugu yangu uliye ofisini leo, kalamu ungali nayo. Itumie vizuri kabla haijachukuliwa.

Wallahu a'lam.