Deni la Fadhila: Schiller katika Filamu Isiyo na Sauti

Mwaka 1923 mwongozaji Curt Goetz alitoa nchini Ujerumani filamu isiyo na sauti kuhusu ujana wa Friedrich Schiller, naye Theodor Loos akaigiza nafasi ya mshairi huyo. Mtu aliyeishi kwa maneno anasimuliwa humo kwa nyuso na ishara. Kinaya hicho chaiafiki hadithi yenyewe, kwani kiini chake ni amri ya kunyamaza.

Karl Eugen, mtawala wa Württemberg, alimsomesha Schiller bila ada katika chuo chake cha kijeshi kuanzia 1773. Wazazi walitia saini kwamba mwana wao angeutumikia ukoo wa mtawala. Kijana akawa daktari wa kikosi mjini Stuttgart. Mwaka 1782 alikwenda Mannheim mara mbili bila ruhusa, kwa ajili ya tamthilia yake ya kwanza, Die Räuber, yaani Wanyang'anyi. Alifungwa siku 14, kisha akakatazwa kuandika chochote kisichohusu utabibu. Usiku wa tarehe 22 Septemba akatoroka pamoja na rafiki yake mwanamuziki, Andreas Streicher.

Je, hii ndiyo ile fadhila ya punda ambayo wahenga walisema ni mateke? Sivyo. Anayemlisha na kumsomesha mtu hajaununua ulimi wake. Fadhila inayodai dhamiri ya mpokeaji imekwisha kuwa bei, na bei haistahili shukrani. Kwa mtawala, basi, Schiller hakuwa mtovu wa shukrani.

Lakini deni halikuwa kwa mtawala peke yake. Baba yake alikuwa ofisa wa mtawala huyohuyo na msimamizi wa bustani zake. Riziki ya nyumba nzima ilikuwa mkononi mwa yule aliyekimbiwa. Mama alijua mpango huo. Baba alifichwa, ili akiulizwa aweze kuapa kwa ukweli kwamba hakujua lolote. Mtetezi wa uhuru wa kusema alianza safari yake kwa kumnyima baba yake neno la kuagana.

Mtawala hakumwadhibu mzee huyo. Wengi huona kwamba hapo kesi imekwisha. Haijesha: Schiller hakuwa na hakika ya huruma hiyo alipovuka lango la mji. Salama ya baba ilikuwa bahati, wala bahati haimwondolei mtu dhima ya hatari aliyowatwika wengine. Alikuwa na haki ya kuondoka, na bado aliondoka akiwa na deni.