Tumaini Lililonunua Shamba

Ulikuwa mwaka wa kumi wa utawala wa Mfalme Sedekia. Majeshi ya Babeli yalikuwa yameuzingira Yerusalemu, maboma ya kuuvunjia mji yamekwisha kujengwa, njaa na tauni zimeingia ndani ya kuta. Nabii Yeremia alikuwa kifungoni katika ua wa walinzi kwa kosa la kusema hadharani kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo Hanameli, mwana wa ami yake, alipomjia na kumtaka anunue shamba la ukoo huko Anathothi. Yeremia alilinunua. Alimpimia shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaitia muhuri, kisha akamwagiza mwandishi wake, Baruku, aihifadhi katika chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi.

Aliyetoa fedha hizo ndiye aliyejua kuliko wote kwamba shamba lile litakanyagwa na adui. Hakununua kwa kudhani kwamba Wababeli watageuka na kurudi kwao. Hawakurudi, na mji pamoja na hekalu uliteketezwa. Alinunua kwa kuwa Mungu alikuwa ameahidi kwamba iko siku watu watarudi kununua na kulima katika nchi ile. Ndani ya tendo hilo moja mna karibu kila kitu tunachohitaji kujua kuhusu tumaini la Kikristo. Linayaona maafa waziwazi, haliyakani wala haliyapunguzi, na bado linafanya leo kazi ambayo faida yake iko mbali kuliko maafa yenyewe.

Naileta habari hiyo mbele yetu kwa sababu hofu ya mwisho wa dunia imekuwa jirani yetu wa kila siku. Nzige walipovamia Kenya na maji ya Ziwa Victoria yalipofurika mwaka 2020, kisha korona ikafunga makanisa, wengi walihesabu dalili. Mwaka 2019 Kenya ilipoanza kuandikisha watu kwa Huduma Namba, wapo walioikataa wakiamini ni chapa ya mnyama. Chanjo nazo zikaingizwa katika hesabu hiyohiyo. Kila vita vya Mashariki ya Kati vinapolipuka, jumbe za sauti hupita simu hadi simu zikisema safari hii ndiyo yenyewe.

Hofu hii haiishii katika maneno. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, viongozi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliwatangazia wafuasi kwamba dunia ingekwisha mwishoni mwa mwaka 1999. Watu waliuza mali zao. Mwaka ukapita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea kwa moto ndani ya kanisa. Miaka 23 baadaye, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao walikufa kwa njaa. Upande wa mashtaka ulisema walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, nao wakakana mashtaka. Mahakama ina kazi yake. Sisi tunaoomba kwa jina la Kristo tuna kazi yetu, nayo ni kuuliza jinsi gani jina hilo liliweza kutumika kumnyima mtoto uji.

Tusiseme upesi kwamba walikuwa wajinga. Miongoni mwao walikuwamo waliosoma na waliokuwa na ajira nzuri. Kilichokosekana hakikuwa elimu tu. Walifundishwa kitu kilichoitwa tumaini ambacho hakikuwa tumaini, na hakuna aliyewapa kipimo cha kuvitofautisha.

Kipimo hicho kimekuwapo kwa muda mrefu. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliposhughulika na tumaini kama hisia ya moyo wa binadamu, aliona kwamba jambo linalotumainiwa lina sifa nne: ni jema, halijafika, ni gumu kulipata, na linawezekana. Ondoa sifa moja, na tumaini linageuka kitu kingine. Ukiondoa uwezekano, umebaki na kukata tamaa. Ukiondoa ugumu na muda wa kungoja, umebaki na majivuno ya mtu anayejiona amekwisha kupokea. Anayesema dunia imeoza, hakuna la kufanya, ameangukia upande wa kwanza. Anayetaja tarehe ya Yesu kurudi ameangukia upande wa pili, kwa sababu amejimilikisha siku ambayo Yesu mwenyewe alisema hakuna aijuaye ila Baba. Wawili hawa huonekana kama mahasimu, na mara nyingi hukaa katika moyo wa mtu mmoja. Wameunganishwa na jambo moja: wote wamechoka kungoja.

Hapo ndipo inapotubidi kutenga utabiri na ahadi. Utabiri husimama juu ya ujuzi wa mambo yatakavyokuwa. Ukikosea tarehe, umekwisha. Ahadi husimama juu ya uaminifu wa aliyeitoa, na inaweza kungojwa hata na mtu asiyejua lini wala kwa njia gani. Tena utabiri haukudai chochote zaidi ya kukaa tayari saa ifike. Ahadi hukuweka ndani ya uhusiano, na uhusiano una wajibu wake tangu leo. Binti aliyechumbiwa haishi kama asiye na mwenyewe kwa sababu siku ya arusi haijatajwa.

Historia imekwisha kutuonyesha tofauti hiyo. William Miller, mkulima na mhubiri Mbaptisti wa Marekani, alisoma kitabu cha Danieli akakokotoa wakati wa Kristo kurudi, na wafuasi wake wakaishia kuitaja tarehe 22 Oktoba 1844. Baadhi ya wakulima waliacha mazao shambani bila kuvuna. Siku ilipopita, wengi walivunjika moyo, wengine wakaacha imani. Lakini kikundi kimoja kati yao kiliendelea kungoja, na kanisa lililozaliwa humo, la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, halikuweka tarehe tena. Likajenga shule na hospitali. Leo mgonjwa anayetibiwa Kendu kando ya Ziwa Victoria, au Heri mkoani Kigoma, anahudumiwa na watu wanaoamini kwa dhati kwamba Yesu yu karibu kuja. Kuamini kwamba mwisho u karibu hakukuwazuia kupima damu na kuzalisha akina mama. Tatizo, basi, halikuwa kuungoja mwisho. Tatizo lilikuwa kuungoja kama tarehe.

Kanisa la Thesalonike lilikuwa na shida hiyo tangu mwanzo kabisa. Waumini walihangaika juu ya ndugu zao waliokufa kabla Bwana hajarudi, na wengine wakaacha kufanya kazi wakawa mzigo kwa wenzao. Paulo hakuwakemea kwa kuutazamia ujio wa Bwana, kwa maana yeye mwenyewe aliutazamia. Aliwafariji waliofiwa, kisha akawaagiza wasiotaka kufanya kazi watulie na kula jasho lao wenyewe. Mkristo wa karne ya kwanza, aliyedhani huenda Kristo akaja kabla hajazeeka, aliambiwa arudi karakanani.

Mtu anaweza kupinga: je, Yesu mwenyewe hakusema juu ya vita, njaa, matetemeko na jua kutiwa giza? Je, kuiondoa hofu si kulizimisha agizo la kukesha? Hoja hii ni nzito na haifai kupitwa. Yesu alisema hayo, tena kwa ukali. Lakini soma Injili ya Mathayo uone maneno hayo yanaelekea wapi. Mara baada ya kutaja ishara, Yesu anamsifu mtumwa ambaye bwana wake atamkuta akiwapa wenzake chakula kwa wakati wake, na anamhukumu yule anayewapiga wenzake kwa kuwa bwana amekawia. Sura inayofuata inafunga hotuba yote kwa hukumu ya mataifa, na swali la hukumu hiyo ni nani alishiba, nani alinyweshwa, nani alivikwa, nani alitembelewa kitandani na gerezani. Huko ndiko kukesha. Yule aliyeagiza tukeshe ndiye aliyesema kwamba mwenye njaa ni yeye. Mafundisho yanayomfanya mzazi amnyime mwanawe chakula yamekwisha kushindwa mtihani huo wa mwisho kabla mwisho haujafika.

Wengine hupinga kutoka upande wa pili. Husema tumaini la mbinguni ni kasumba: humlaza maskini asidai haki yake, akisubiri malipo ya baadaye. Ni kweli kwamba limetumiwa hivyo, na tunapaswa kuona aibu kwa ajili yake. Lakini kutumiwa vibaya si asili yake. Mwaka 590 Gregori alichaguliwa kuwa Papa baada ya tauni kumwua aliyemtangulia. Roma ilikuwa imechoka, Walombardi wanautisha mji, na Gregori aliamini kwa moyo wote kwamba dunia inazeeka na mwisho wake umekaribia. Mtu huyo aliyapanga upya mashamba ya Kanisa ili maskini wa mjini wapate nafaka, na mwaka 596 akatuma watawa Uingereza kuanza kazi ambayo asingeweza kuuona ukomavu wake. Aliyeamini kwamba saa ni chache hakuacha kupanda. Aliona kwamba saa chache si sababu ya kumwacha mwenye njaa afe.

John Mbiti, padri na mwanafalsafa wa Kenya, aliligusa jambo hili kutoka nyumbani kwake Ukambani. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya mwisho, aliona kwamba wamisionari walileta mbingu, moto na ujio wa pili kama mambo ya kutazamiwa upesi, na wengi wakayapokea kama mlango wa kutorokea taabu. Jibu lake lilikuwa kuurudisha moyo wa mafundisho kwa Kristo mwenyewe. Nakubaliana naye kabisa. Mkristo hangoji tukio kwanza, anamngoja Mtu, na Mtu huyo si mgeni: ni yule aliyewagusa wenye ukoma, akalia kaburini kwa Lazaro, akawapikia samaki wanafunzi waliomkimbia. Kama atakayekuja ni huyo, kuja kwake hakuwezi kuwa habari ya kutisha kwa anayempenda. Hata Ufunuo, kitabu kinachotumiwa kuliko vyote kututia hofu, kiliandikiwa makanisa yaliyokuwa chini ya mateso ili yasizimie moyo, na hitimisho lake ni mji unaoshuka kutoka kwa Mungu kuja kwa watu, wenye mti ambao majani yake ni dawa ya mataifa.

Hofu za kweli zitabaki. Theluji ya Kilimanjaro inapungua, mafuriko ya mwaka 2024 yaliua mamia ya watu Kenya na Tanzania, na silaha za nyuklia zipo. Tumaini halituambii kwamba hayo hayatatudhuru. Yeremia hakuambiwa hivyo. Linatuambia kwamba uharibifu hautakuwa neno la mwisho juu ya kazi ya Mungu, na kwa hiyo kazi ya kuitunza haipotei bure. Ndiyo maana naona somo la teolojia katika juhudi za Askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), aliyejulikana kwa kuhimiza upandaji miti katika miteremko ya Kilimanjaro. Anayepanda mti wa miaka sitini amekiri imani yake juu ya kesho kuliko anayepiga kelele za siku ya mwisho.

Lipo pia jambo ambalo hakuna mti unaoweza kulijibu. Hata dunia ikidumu miaka elfu kumi, kila mmoja wetu ana mwisho wake mdogo, na wengi wetu tunaogopa dunia kuisha kwa sababu tunaogopa kuaga sisi wenyewe. Hapa tumaini la Kikristo halina lugha ya kuzungukazunguka. Linasimama juu ya dai moja, kwamba Yesu aliyesulubiwa alifufuka. Kama hakufufuka, Paulo alisema wazi, imani yetu ni bure. Kama alifufuka, kaburi limekwisha kupingwa mara moja na linaweza kupingwa tena. Anayeliamini hilo anaweza kulia msibani kwa machozi ya kweli, kisha akarudi kwa wajane na yatima walioachwa akajua la kufanya.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, usimpime mhubiri wa siku za mwisho kwa wingi wa mistari anayoitaja wala kwa ukali wa sauti yake. Mpime kwa yale anayokutaka ufanye kesho asubuhi. Akikuambia uuze shamba, umtoe mtoto shuleni, uache dawa, uwakimbie majirani na umfuate yeye msituni, ondoka hapo, ondoka na watoto wako, na utoe taarifa. Akikuambia ulime, usomeshe, uuguze, usamehe, upande mti na ukeshe katika sala kwa kuwa Bwana yuaja, msikilize. Huyo amelijua tumaini.