Ulimi wa Mtoto Hulelewa

Mazoea ya kula huanza kujengeka mtoto akiwa bado tumboni. Maji yanayomzunguka huchukua ladha ya vyakula anavyokula mama, naye huyameza kila siku. Mwaka 2001 watafiti wa Monell Chemical Senses Center mjini Philadelphia, Marekani, wakiongozwa na Julie Mennella, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wajawazito. Baadhi yao walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba, wengine wakati wa kunyonyesha, na wengine hawakunywa kabisa. Watoto walipoanza kula, wale waliokwisha kuionja karoti kupitia kwa mama waliupokea uji uliochanganywa na karoti bila kukunja uso sana kama wenzao. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliangalia nyuso za watoto walio tumboni kwa kutumia ultrasaundi. Mama aliyemeza kidonge chenye unga wa karoti, mtoto wake mara nyingi alionekana kama anayetabasamu. Mama aliyemeza unga wa mboga ya jamii ya sukuma wiki, mtoto wake alionekana kama anayetaka kulia.

Hilo la mwisho halishangazi. Mtoto huzaliwa akipenda utamu na kuukataa uchungu, kwa kuwa tangu zamani utamu umeashiria maziwa na matunda yaliyoiva, na uchungu umeashiria sumu. Hamu ya chumvi huja baadaye, kuanzia mwezi wa nne hivi. Baada ya hapo, karibu kila anachokipenda mtu ni cha kufundishwa. Hakuna aliyezaliwa akipenda mlenda, kisamvu, dagaa wakavu au pilipili. Mtaalamu wa saikolojia Paul Rozin, aliyechunguza suala la pilipili katika kijiji kimoja cha Mexico miaka ya 1970, alikuta kwamba hakuna mzazi aliyembembeleza mtoto aile. Pilipili ilikuwepo tu mezani, wakubwa wakila na kufurahia, na watoto wakajiunga nao wenyewe kabla ya kutimiza miaka minane. Mtoto wa Pwani naye hujifunza hivyo hivyo. Huona kaka na dada zake wakila embe bichi lililopakwa chumvi na pilipili, machozi yakiwatoka na hawaachi, naye huomba kipande.

Kipindi kigumu huanza mtoto anapokaribia miaka miwili na kuendelea hadi sita hivi. Katika umri huo mtoto aliyekuwa akila kila kitu huanza kukataa asichokijua, hasa mboga za majani. Leann Birch wa Marekani, aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza ulaji wa watoto, alionyesha kuwa dawa ya kukataa huko ni kukirudisha chakula mezani tena na tena, kidogo kidogo, bila ugomvi. Aghalabu huhitajika mara nane hadi kumi na tano kabla mtoto hajakikubali. Nyumbani kwingi hukumu hutolewa mara ya pili au ya tatu. Mama humwambia jirani mlangoni, mtoto akiwa amemshika kanga na anasikia kila neno: “Mama Asha, huyu wangu mchicha hali kabisa, nimeshindwa.” Kuanzia siku hiyo mchicha hauwekwi tena kwenye sahani yake, na mtoto naye hujitambulisha kwa watu kuwa ni yule asiyekula mchicha. Anaweza kubaki hivyo mpaka awe na wajukuu. Kauli hiyo ya mlangoni haina ubaya wowote katika nia yake, lakini ni miongoni mwa mambo yanayostahili kuachwa kwanza.

Wapo watakaosema kuwa ushauri wa kurudia chakula mara kumi na tano ni wa watu wenye uwezo. Mwenye nusu kilo ya mchele hawezi kupika cha kumwaga, naye ana haki ya kupika kile anachojua kitaliwa. Hoja hii ni nzito, na haifai kupuuzwa na wataalamu wanaowahutubia akina mama kliniki. Lakini vyakula vinavyokataliwa zaidi na watoto si vya gharama. Mchicha, matembele, sukuma wiki, majani ya kunde na dagaa vimo tayari ndani ya sufuria ya wakubwa. Kinachohitajika ni kijiko kimoja cha vyakula hivyo kando ya ugali wa mtoto, na mtu mzima aliyeketi pale akila kile kile. Mtoto akiacha, mkubwa humalizia. Ghali zaidi ni biskuti na soda zinazonunuliwa kuziba pengo la kile alichokataa.

Pasipo na uvumilivu, huwepo nguvu au rushwa. Mtoto hulazwa mapajani, akazibwa pua, uji ukamiminwa kinywani. Au huambiwa amalize mboga ndipo apewe soda. Rushwa hii inaonekana kuwa ya upole kuliko nguvu, lakini nayo huharibu. Katika majaribio ya Birch ya miaka ya 1980, watoto waliolipwa ili wanywe kinywaji fulani walipunguza kukipenda baada ya malipo, na chakula kilichotumika kama zawadi kilizidi kupendwa. Mtoto husoma bei, huona kwamba kinacholipiwa ni kibaya na kinacholipia ndicho kizuri. Akiwa mtu mzima aliyechoka baada ya kutwa nzima ya foleni na maudhi ya kazini, hujilipa kwa sarafu ile ile aliyozoeshwa.

Wengine huteleza upande wa pili na kusema mwachieni mtoto ale anachotaka, mwili wake unajua unachohitaji. Mara nyingi hutajwa daktari Clara Davis, aliyeanza mwaka 1926 kuwaachia watoto wachanga waliokuwa wakiachishwa ziwa wajichagulie chakula wenyewe, na baadaye akaendelea na kazi hiyo Chicago. Watoto 15 walikua vizuri kwa chakula walichojichagulia. Mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa matege alikunywa mafuta ya ini la samaki kwa hiari yake mpaka akapona, kisha akayaacha. Kisa hicho ni cha kweli. Kinachosahaulika ni orodha ya vyakula waliyowekewa. Ilikuwa na vyakula 34, nyama, mayai, maziwa, nafaka, matunda na mboga, vyote vya kawaida na bila sukari iliyoongezwa. Davis mwenyewe alieleza mwaka 1939 kuwa siri ilikuwa katika orodha ile. Mtoto alichagua, ila aliyeamua achague kati ya nini alikuwa mtu mzima, na wajibu huo hauhamishiki.

Orodha ya siku hizi imejaa sukari. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30, yaani vijiko vya chai saba au vinane. Shirika la Afya Duniani hupendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana isifike hata asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,400, asilimia 10 ni gramu 35. Chupa moja inakaribia kuimaliza, kabla ya chai ya asubuhi, andazi na maji ya matunda ya paketi yaliyowekwa kwenye begi la shule.

Uingereza ilitoa bila kukusudia jaribio kubwa kuhusu jambo hili. Mgao wa sukari uliowekwa wakati wa Vita Kuu ya Pili uliondolewa mwaka 1953, na ulaji wa sukari ukapanda karibu maradufu kwa muda mfupi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2024 ulilinganisha watu waliozaliwa kabla na baada ya hapo. Waliopitia mimba na utoto wao wa mwanzo chini ya mgao walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari cha aina ya pili kwa takriban asilimia 35, na shinikizo la damu kwa takriban asilimia 20. Wote hao, baada ya mgao kuondolewa, waliishi katika nchi ile ile yenye maduka yale yale yaliyojaa peremende.

Jibu linalosikika sana kwa habari kama hizi ni kwamba wazazi wa leo nao walikunywa soda utotoni na hawakufa. Waliinywa kweli. Waliinywa Idi au Krismasi, au mgeni alipokuja, chupa moja ikigawanywa kwenye vikombe vitatu vya plastiki, na kila mtoto akipima kwa jicho kama cha mwenzake hakijazidi. Soda ya sikukuu haijengi mazoea. Mazoea hujengwa na ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, nayo soda ya Jumatano ni jambo jipya kwa familia nyingi za Afrika Mashariki. Anayetetea ya leo kwa kumbukumbu ya ile ya zamani analinganisha vitu viwili tofauti.

Kinachobebwa kutoka utotoni si ladha peke yake, ni namna ya kula pia: kasi, kiasi, na wakati wa kuinua mkono. Katika nyumba za Waswahili sinia lilikuwa darasa la mambo hayo yote. Mtoto alinawa, akangoja mkubwa aanze, akala upande wake, na kitoweo kilichokaa katikati hakukigusa mpaka agawiwe. Asili ya adabu hiyo kwa Waislamu inajulikana. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku kwenye sahani. Mtume akamfundisha ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar alipokuwa mtu mzima alisimulia kuwa hivyo ndivyo alivyokula tangu siku ile. Katika mapokeo yote yanayohusu chakula, huu ni ushahidi ulio wazi kabisa wa jambo la utotoni kudumu, nao ulitolewa na mhusika mwenyewe.

Kipimo cha shibe nacho hupotezwa kwa mafundisho. Mwaka 2000 watafiti wa Pennsylvania waliwapa watoto sahani ndogo, ya kati na kubwa ya chakula kile kile. Wa miaka mitatu walikula kiasi kilekile kila mara, na waliposhiba waliacha. Wa miaka mitano walikula zaidi kadiri sahani ilivyojaa. Hiyo miwili iliyo katikati ndiyo miaka ya kuambiwa “malizia, usiache hata punje,” na sasa imeongezeka simu inayoegemezwa kwenye chupa ya maji ili mtoto afungue mdomo bila kuangalia anachokula. Kutotupa chakula ni tabia njema, na njia yake ni kupakua kidogo na kuongeza akitaka tena.

Njaa pia hufundisha, na mafundisho yake ni makali. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 na Sarah Hill na wenzake ulionyesha kuwa wanawake waliokulia katika ufukara walikula vitafunio vilivyowekwa mbele yao hata walipokuwa wameshiba, wakati waliokulia katika uwezo walikula kulingana na njaa waliyokuwa nayo. Kipato cha ukubwani hakikubadili jambo hilo. Shule za bweni zimeacha alama ya namna hiyo kwa watu wengi Tanzania na Kenya. Yuko aliyemaliza kidato cha nne zamani na mpaka leo anakula kwa pupa, mgongo ameuinamisha juu ya sahani, kwa sababu kengele ya shule ilikuwa haingoji. Yuko asiyeweza kutazama maharage au githeri, kwa kuwa kwa miaka minne alitenga wadudu kwa ncha ya kijiko kabla ya kula. Maharage ni chakula bora na cha bei nafuu, lakini kimepoteza walaji kwa jinsi kilivyopikwa na kuletwa.

Udumu wa mambo haya umepimwa. Finland ilianza mwaka 1980 kuwafuatilia watoto na vijana wa miaka 3 hadi 18, na baada ya miaka 21 mtindo wa ulaji wa wengi wao ulikuwa bado unatambulika, hasa kwa waliokuwa wakubwa kidogo utafiti ulipoanza. Kwa watu waliohama ushahidi uko jikoni. Familia za Muscat zenye asili ya Zanzibar bado zinapika maandazi na mchuzi wa nazi, miongo mingi tangu wazee wao walipoondoka visiwani.

Hata hivyo kudumu si kufungwa maisha, na nchi hiyo hiyo ya Finland inathibitisha. Mkoa wa North Karelia ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoongoza duniani kwa wanaume kufa kwa maradhi ya moyo. Mradi ulioanza mwaka 1972 chini ya Pekka Puska ulipambana na uvutaji sigara na ulaji wa siagi, mafuta ya wanyama na chumvi nyingi. Haukuishia kwenye mihadhara. Ulishirikisha vikundi vya akina mama, viwanda vya maziwa, watengenezaji wa soseji na wenye maduka. Katika miongo minne vifo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi kutokana na maradhi hayo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Watu waliolelewa kwa siagi walibadilika, ila mkoa mzima ulibadilika pamoja nao.

Ulimi wenyewe huchukua muda. Majaribio ya chumvi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalionyesha kuwa anayepunguza huanza kufurahia chakula cha chumvi kidogo baada ya miezi miwili au mitatu. Mtu mwenye miaka 50 aliyeambiwa na daktari apunguze sukari kwenye chai ataiona kwa wiki kadhaa kama maji ya kuoshea vikombe, na wengi hukata tamaa katika wiki hizo. Akipunguza nusu kijiko kwa nusu kijiko, na wa nyumbani mwake wakipunguza pamoja naye, hufika siku akipewa kikombe cha zamani hawezi kukimaliza.